Kupamba Sahani za Kauri kwa Kalamu za Rangi: Yanayoifanya Kazi Idumu

Wengi wanaotamani kupamba vyombo vyao wenyewe hujizuia kwa kudhani kwamba hawajui kuchora. Kwa uzoefu wangu wa kupamba sahani, vikombe na mabakuli, ustadi wa mkono si jambo la kwanza. Kinachoamua kama pambo litadumu au litatoka siku ya kwanza chombo kinapooshwa ni usafi wa chombo na moto wa oveni. Mchoro wa fundi hodari uliopita juu ya mafuta hubanduka, ilhali nukta za mtoto zilizochomwa ipasavyo hubaki.

Chagua sahani nyeupe inayong'aa, isiyo na ufa wala pengo. Mng'ao huo ni tabaka jembamba la kioo lililoyeyushwa juu ya udongo, na kwa kuwa kioo hakinyonyi rangi, rangi hushikilia juu yake tu. Ndiyo maana alama ya kidole, hata ile isiyoonekana kwa macho, hutosha kuiharibu kazi. Mimi huosha sahani kwa sabuni na maji ya moto, nikaikausha, kisha nikaupangusa uso wake wote kwa pamba iliyochovywa spiriti, na kuanzia hapo huishika kwa chini tu, bila kuugusa ukingo.

Kalamu nazo ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya kauri, kwa sababu kalamu ya wino ya kuandikia maboksi haitahimili sabuni na dodoki hata ikichomwa. Mojawapo ya zinazojulikana ni Pebeo Porcelaine 150 ya Ufaransa, ambayo namba iliyo katika jina lake ndiyo nyuzijoto za kuchomea.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza ni usalama wa mlaji. Maandishi ya kalamu yanayosema kwamba rangi haina sumu hayamaanishi kwamba inafaa kugusana na chakula, hasa chakula chenye ndimu au siki, au pale kisu kinapokata. Kwa hiyo pamba ukingo wa sahani na uache katikati peupe. Kwa kikombe, pamba nje peke yake na uache sentimita 2 au 3 chini ya mdomo. Sharti hili halipunguzi uzuri hata kidogo. Tazama kanga: pindo peke yake lina matone, maua, mistari na korosho za kutosha kuzungusha seti nzima ya sahani bila kurudia pambo. Sahani ambayo pambo lake ni kwa ajili ya kuonekana tu, itakayotundikwa ukutani, unaweza kuijaza utakavyo.

Kabla ya kuchora, tikisa kalamu na uibonyeze juu ya karatasi mpaka rangi ishuke sawasawa. Usiibonyeze juu ya sahani, kwani hutoa tone kubwa ghafla. Gawa ukingo kwa alama ndogo, kwanza sehemu nne, kisha nane, ili pambo la mwisho likutane na la kwanza bila kubanana. Acha rangi moja ikauke kabla ya kupitisha nyingine juu yake, la sivyo ncha ya kalamu itaikwangua ile ya chini. Palipokosewa, rangi ikiwa mbichi hufutwa kwa pamba yenye maji, na ikishaanza kukauka hukwanguliwa kwa kijiti cha meno, ambacho pia hutoa mishipa myembamba ya majani ambayo kalamu haiwezi kuichora.

Kazi ikikamilika, iache ikauke kwa saa 24. Kisha weka sahani ndani ya oveni ikiwa bado baridi, washa, na uanze kuhesabu dakika pale tu joto linapofika kiwango kilichoandikwa kwenye kalamu. Kwa kalamu ya Pebeo niliyoitaja, ni nyuzi 150 kwa dakika 35. Muda ukiisha zima oveni na uiache sahani ipoe humo humo, kwa kuwa kauri ikipatwa na baridi ya ghafla hupasuka. Oveni nyingi za gesi za majumbani hazisemi kweli kuhusu joto lake, hivyo ningekushauri ununue kipimajoto kidogo cha kuweka ndani: joto likizidi rangi hugeuka hudhurungi, likipungua haishiki. Jiko la mkaa halifai, maana moto wake hutoka upande mmoja.

Mimi huchora pia mstari mfupi wa kila rangi chini ya sahani na kuuchoma pamoja na pambo, ili baada ya kupoa niukwangue kwa ukucha. Ukitoka, narudia kuchoma kabla sahani haijaguswa na maji. Ukikaa, sahani iko tayari kwa meza, ioshwe kwa mkono na sponji laini, wala isilowekwe usiku kucha pamoja na masufuria.