Jibu: Kiungo cha kufungia boya kwenye kamba ya nyavu

Ndugu yangu, umeeleza kwamba maboya mawili ya nyavu zako za kutega yamepotea mwezi huu karibu na Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, nawe unauliza ununue kiungo cha aina gani. Kiungo chenye mlango wa springi ni rahisi kufungua kwa mkono uliolowa, lakini boya linapochezeshwa na mawimbi usiku kucha, kamba inaweza kujiviringisha, ikaukandamiza mlango na kuchomoka. Kwa hiyo, kwa boya linalolala majini, mimi huchagua pingu ya chuma, yaani kiungo chenye umbo la U kinachofungwa kwa parafujo, na parafujo hiyo naizuia kwa waya mwembamba isilegee. Ongeza kiungo kinachozunguka, kwani kamba iliyojisokota hudhoofika. Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, hivyo chuma kilichopakwa zinki kitakufaa bila gharama kubwa.

Hata hivyo, nakusihi ukague kwanza pale kamba ya nailoni inapopinda juu ya chuma. Ukikuta nyuzi zimetoa manyoya meupe, kata kipande hicho, kisha uvike kitanzi kipya pete ya chuma yenye mfereji, ili kamba isisagike tena.