Ukitafuta ukoo wa mtu kule Kentucky na Indiana, anza na ardhi

Wadogo zangu mlioanza hii kazi ya kutafutia watu koo zao Marekani, hasa zile familia zilizovuka milima ya Appalachia kuanzia miaka ya 1770 mpaka 1830 hivi, naona wengi mnaandika jina kwenye tovuti alafu mnakaa kusubiri majibu. Majibu yatakuja, tena mengi mpaka utachoka, tatizo ni kwamba wa kwako hayumo, au yumo na humjui. Kila anayekuja kujifunza kwangu simpi mteja kwanza. Nampa ukoo wa Abraham Lincoln, yule rais, aufuate mwenyewe kwa rekodi toka chini kwenda juu, kwasababu majibu yanajulikana na karibu kila mtego wa kazi hii umo mle.

Kwa ufupi tu: Samuel Lincoln alitoka Norfolk, Uingereza, 1637 akatua Massachusetts. Uzao wake ukashuka New Jersey, ukaenda Pennsylvania, ukaingia Virginia, kisha kama 1782 babu yake rais, naye pia Abraham, akavuka kwenda Kentucky na 1786 akauliwa shambani kwake na wenyeji wa asili wa Marekani, maana vita ya kugombania ile ardhi ilikuwa bado mbichi. Mtoto wake Thomas, ndiye baba yake rais, akakulia hapohapo Kentucky, 1816 akahamia Indiana, 1830 Illinois. Majimbo saba hayo. Sasa ukiangalia ramani utaona hawakuwa wanahama kiholela, bonde la Shenandoah kule Virginia linaelekea kusini magharibi na barabara ya magari ya farasi ilipita humohumo kutoka Pennsylvania, ukifika mwisho unakata Cumberland Gap, ule mwanya wa kupitia milimani, kwa njia aliyoifyeka Daniel Boone na watu wake 1775, na wengine walipanda boti Pittsburgh wakateremka na mto Ohio. Kwahiyo ukimkuta mtu Kentucky 1795 usikimbilie Massachusetts, rudi hatua moja tu nyuma, Virginia au North Carolina au Pennsylvania, umpate pale kwanza.

Sensa ndo kila mtu anaikimbilia na ndo inawaangusha wengi. Ilianza 1790 na inafanyika kila miaka kumi, lakini mpaka 1840 ilikuwa inaandika jina la mkuu wa kaya peke yake, wengine wote ni namba tu kwenye makundi ya umri, mke wala watoto hawana majina. 1850 ndo mara ya kwanza kila mtu huru akaandikwa jina na alikozaliwa. Na Kentucky ya 1790 na 1800 zote zilipotea! Nenda kwenye orodha za kodi, hizo ni za kila mwaka na ni tamu kuliko sensa, watu hawazipendi tu kwasababu zinachosha macho. Kijana anafika miaka 21 anatokea na jina lake, mzee anapotea mwaka fulani na mwaka unaofuata anatokea mjane wake, au yule mtu ana farasi wawili leo na kesho hayupo kabisa, basi ujue kafa au kahama na tarehe umeipata karibu kabisa. Zisome mwaka kwa mwaka usiruke. Halafu ukikuta Sr. (Senior) na Jr. (Junior) kwenye orodha moja usiseme ni baba na mwana, zamani ilikuwa ni mkubwa na mdogo wa jina moja pale kijijini, anaweza akawa mtu na mpwa wake au hata hawahusiani.

Sasa ardhi, na hapa ndo nataka mkae. Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia mpaka 1792, na utaratibu wake ulikuwa mtu anapata kibali, anajichagulia eneo mwenyewe, anatafuta mpimaji, mipaka inaandikwa toka mwaloni fulani mpaka kijito fulani. Matokeo yake hati zikapandana, ekari zilezile zina wenyewe watatu. Thomas Lincoln kahangaika na mashamba yake kwa kesi za namna hii, na mwanae baadae aliandika kwamba walihama kwa sehemu kwasababu ya utumwa ila hasa kwa shida ya hati za ardhi. Indiana ilikuwa tofauti, serikali kuu ilishapima kwa sheria ya 1785, miraba ya sehemu 36 na kila sehemu ekari 640, na Thomas Oktoba 1817 akaenda ofisi ya ardhi Vincennes akaandikisha ekari 160 zinazojulikana ziko wapi mpaka leo. Ila kwetu sie watafutaji ile fujo ya Kentucky ni neema, kwasababu watu waliposhtakiana wazee waliitwa mahakamani kutoa ushahidi, na mzee anaanza kueleza alikuja mwaka gani, na nani, walipiga kambi wapi, jirani alikuwa nani. Jalada moja la kesi linaweza kukupa mambo ambayo sensa isingekupa kwa miaka hamsini. Na kwenye karatasi za upimaji angalia walioshika mnyororo wa kupimia, mara nyingi ni ndugu au majirani wa mwenye shamba.

Majina msiyaamini. Babu Lincoln kwenye hati za ardhi kaandikwa Linkhorn, karani aliandika alivyosikia. Kosea mwenyewe kwa makusudi unapotafuta, andika kila namna mtu wa wakati ule angeweza kulitamka.

Mipaka ya kaunti nayo! Rais alizaliwa 1809 Hardin, leo hilo shamba liko LaRue, kaunti iliyoanzishwa 1843. Indiana walifikia Perry, 1818 ikawa Spencer na hawajasogea hata hatua moja. Rekodi hubaki kwenye kaunti iliyokuwepo wakati ule, kwahiyo kabla hujagusa kitu chochote chora mwenyewe kaunti gani ilizaa gani na mwaka gani. Rekodi ya ndoa ya Thomas na Nancy Hanks, mama yake rais, watu waliitafuta sana Hardin wakaikosa mpaka maneno ya uchafu yakaanza kusemwa juu ya Nancy, eti hawakuoana, kumbe ndoa ilifungwa Juni 1806 kaunti ya Washington, pembeni tu pale, ikaja kuonekana rais keshakufa zamani.

Ukikwama kabisa kwa mtu, waache wa jina lake, fuata aliohama nao. Watu hawakuwa wanavuka mto peke yao. Lincoln walipofika Indiana, mwaka uliofuata wakafuatwa na akina Sparrow na Dennis Hanks, wote ndugu wa Nancy, na Illinois walienda baada ya John Hanks kutangulia na kuwapa habari. Kanisa pia usilipite, Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga kwahiyo tarehe ya kuzaliwa hupati, ila mtu akihama anapewa barua ya utambulisho na kanisa jipya linaandika limempokea kwa barua. Thomas 1823 alipokelewa hivyo kanisa la Pigeon Creek kule Indiana. Waquaker, dhehebu lingine la Kikristo, ndo kabisa, vyeti vyao vya kuhama vinataja ametoka wapi na anaenda wapi, ukipata mteja mwenye babu Mquaker shukuru Mungu. Na kama babu alipigana vita ya uhuru wa Marekani, tafuta jalada la pensheni chini ya sheria ya 1832, mzee anajieleza mwenyewe alizaliwa wapi na akaishi wapi tangu vita iishe.

Mahakama zilizoungua utazikuta nyingi. Kaunti kadhaa za Virginia zilipeleka vitabu vyao Richmond, mji mkuu wa jimbo, vikawe salama wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, Aprili 1865 Richmond ikaungua navyo. Hapo rudi kwenye kodi na hati za jimbo, nakala zake ziliwekwa kwingine.

La mwisho ni kwa mteja ambaye wazee wake walikuwa watumwa, maana nao walivuka ile milima, wakipelekwa. Sensa ya 1850 na 1860 inawaandika kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana aliyewamiliki, majina ya wengi yanaanza 1870. Kutoka hapo kurudi nyuma inabidi umtafute yule bwana, usome wosia wake, orodha ya mali yake baada ya kufa, kesi za mirathi za watoto wake, humo mtu anatajwa kwa jina moja na bei pembeni. Kazi hii ni ndefu kuliko zote na unaweza usifike, mwambie mteja hivyo kabla hajalipa, na mweleze pia atasoma nini humo.