Ubunge kwanza halafu ujaji, inawezekana?

SWALI: Habari wakili. Mimi ni wakili hapa Kitale, mwaka wa saba sasa, kesi zangu nyingi ni za mashamba na urithi. Nataka kugombea ubunge 2027 halafu baadaye niwe jaji. Kuna mzee Nairobi anasema nikimpa laki tatu ataanza kunitengenezea njia mapema. Ndivyo inavyoenda?

JIBU: Hiyo laki tatu iache benki. Swali hili naletewa kila mara, mji tu ndio unabadilika, na kinachoniudhi ni hii imani kwamba ujaji ni kiinua mgongo cha mwanasiasa, eti ukipoteza kiti chama kitakutafutia joho.

Miaka kumi ya uzoefu wa sheria ambayo kifungu cha 166 cha Katiba kinataka kwa jaji wa Mahakama Kuu unaijua, hiyo naipita. Huyo broka atakutajia Njoki Ndung'u, wote humtaja, si alikuwa mbunge akawa jaji? Ndio, alikuwa mbunge wa kuteuliwa, na mswada wake ndio ukawa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Lakini 2011 kabla ya kuingia Mahakama ya Juu alituma maombi kama wengine, akakaa mbele ya Tume ya Huduma za Mahakama, ile inayopendekeza majaji kwa rais, akahojiwa nchi ikitazama, na mahakama ile inataka miaka 15 sio kumi. Bungeni alikaa muhula mmoja tu, kazi ya uwakili alikuwa ameifanya kitambo.

Na hata tume ikikupitisha bado. 2019 majina 41 yalipelekwa kwa rais yakalala huko mpaka Juni 2021, akateua 34, mmoja alikuwa ameshafariki, sita akawaruka, na hao sita wakaja kuapishwa Septemba 2022 chini ya rais mwingine. Hao walikuwa wamependekezwa na tume yenyewe na bado walingoja miaka mitatu, sasa mzee wako atampigia nani simu?

Watu wanauza ng'ombe kuwalipa hawa, sio ujaji tu, hata ukarani wa kaunti, halafu pesa ikipotea hawaendi polisi maana itabidi waanze kwa kueleza walikuwa wananunua nini.

Wewe chunga akaunti ya wateja, ile unayowashikia pesa zao. Tume hualika wananchi waandike wanachojua juu yako, na atakayeandika ni yule mama wa fidia ya shamba, pesa yake imeingia kwako Machi akaipata Novemba baada ya kupanda matatu mara sita kuja kuambiwa wakili yuko kotini. Na msimu wa kampeni ndio hiyo akaunti huanza kutazamwa vibaya, mabango hayajalipiwa na vijana wako nje wanataka mafuta ya pikipiki.