In, on na at: anza na Kiswahili chako

Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha watalii Arusha, nilimwandikia mgeni ujumbe nilipofika kumpokea uwanja wa ndege: "I am in the airport." Nilikuwa nje, kwenye maegesho, karibu na gari. Yeye akaelewa nilivyoandika, kwamba nimo ndani ya jengo, akabaki humo akizunguka na mizigo, mtoto amemlalia begani, zaidi ya nusu saa. Nilipompata alikuwa hoi, na mimi roho iliniuma. Ningeandika "at the airport", angejua tu kwamba nimefika, angetoka nje au angeniuliza nimesimama upande gani.

Tangu siku ile nimevifuatilia vihusishi vya mahali kwa bidii. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii wakiniuliza, siwapi orodha ya kukariri. Nawaambia waanze na Kiswahili chao.

Tazama ile "-ni" yetu. Naenda sokoni, niko sokoni, natoka sokoni. Neno sokoni halibadiliki. Kitenzi ndicho kinachoeleza kama mtu anakwenda, yupo, au anaondoka. Kwa Kiingereza kazi hiyo inabebwa na kihusishi: "to the market", "at the market", "from the market". Sasa sisi tuliozoea "-ni" moja ya kila mahali tunatafuta neno moja la Kiingereza lifanye kazi yake, na wengi tunaishia kwenye "in". Ndipo funguo zinakuwa "in the table" na mgeni anaambiwa asubiri "in the gate".

Lakini Kiswahili nacho kinatofautisha, tena vizuri sana, ila kinatofautisha baada ya nomino. Mfukoni mna hela. Mezani pana kitabu. Mlangoni pana mtu. Ukisema mezani mna kitabu, msikilizaji atafikiria droo. Basi hicho ndicho kipimo changu: sikio lako likitaka "mna", weka "in". Likitaka "pana", jiulize jambo moja zaidi. Je, kitu kimegusa sehemu hiyo, kimekaa juu yake au kimebandikwa? Hapo ni "on", kama kitabu "on the table", picha "on the wall", hata nzi aliyening'inia darini, "on the ceiling", maana amegusa dari. Kama ni mahali pa kusimama au kukutana tu, unapopaona kama nukta kwenye ramani, ni "at": "at the door", "at the gate", "at the bus stop".

Kuwa mwangalifu na "juu ya". Kwetu kikombe kiko juu ya meza, na taa inayoning'inia nayo iko juu ya meza. Mwingereza anasema kikombe kiko "on the table", taa iko "above the table". Na mti una mambo yake: embe ni "on the tree" kwa kuwa limeshikamana na tawi, ila ndege aliyetua ni "in the tree", kwa sababu matawi na majani yamemzunguka. Mgeni akikuonyesha chui mtini, naye ni "in the tree".

Kwenye vyombo vya usafiri kipimo changu kinashindwa, na sitakuficha. Basini mna watu, lakini Kiingereza kinasema "on the bus". Hapa mimi hutumia njia nyingine. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, meli na ndege, ni "on". Gari dogo, teksi, bajaji, unakoinama na kuingia, ni "in". Unachokalia kwa kutanua miguu, baiskeli au bodaboda, kinarudi kwenye "on". Kushuka nako kunafuata hivyo hivyo: "get off the bus", lakini "get out of the car". Kwetu sisi yote ni kushuka, kwa hiyo hili linahitaji mazoezi ya mdomo, siyo ya daftari tu.

Kufika pia kunasumbua, kwa sababu Kiswahili husema tu nimefika Moshi. Kwa Kiingereza unafika "in" mji au nchi, na unafika "at" hoteli, stendi, getini. Usiseme "arrive to". Nyumbani hakuna kihusishi chochote: "I arrived home."

La mwisho ni hospitali, na hili ni zito. Waingereza wakisema "I am in hospital", maana yake umelazwa. Ukiwa umempeleka mama kliniki, au unamwona mgonjwa, andika "I am at the hospital". Kijana mmoja ninayefanya naye kazi alimwandikia mgeni wake ile ya kwanza usiku, na mgeni hakulala mpaka alipompigia asubuhi na kuisikia sauti yake.