Nilikuwa na pumu utotoni. Je, niende kuoka mikate?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 19. Nilipokuwa mdogo nilisumbuliwa sana na pumu, na ngozi ya viwiko na nyuma ya magoti ilikuwa ikiniwasha hadi najikuna damu. Tangu nilipofika miaka 13 sijabanwa tena, ila chafya za asubuhi hazijaniacha. Nimepata nafasi ya kujifunza kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate, kazi niliyoitamani siku zote. Mama hataki kusikia, anasema nitafute kazi ya ofisini. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama yako anakumbuka usiku ambao wewe umeshausahau, kwa hiyo usimwone mkorofi. Nami nililelewa na pumu, namjua mama anayekesha akihesabu pumzi za mwanawe. Lakini mimi, kabla ya kuzungumzia ofisi au kiwanda, nauliza kwanza: kutwa nzima utakuwa unavuta nini?

Na hapo umechagua pagumu. Vumbi la unga ni kati ya visababishi vikubwa vya pumu inayotokana na kazi. Tabibu Bernardino Ramazzini wa Italia aliandika habari za waokaji na wasagaji wanaokohoa na kubanwa kifua katika kitabu chake cha mwaka 1700, na ndiye aliyewasihi matabibu wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Siku hizi unga huongezwa pia vimeng'enya, yaani viini vya kusaidia mkate uumuke vizuri, vinavyotokana na kuvu, na hivyo navyo huleta mzio.

Mwili uliokuwa na mzio tangu utotoni hupata mzio wa unga kwa wepesi zaidi. Hata hivyo wapo wengi wa namna yako wanaooka miaka yote wasiugue, ndiyo maana sikukatazi. Ungeniambia unakwenda kupulizia magari rangi, ningekusihi uache, kwani dawa ya kugandishia rangi zile huweza kumletea pumu hata mtu asiyewahi kupiga chafya. Na ungesema saluni, ningeihofia mikono yako: ngozi iliyowasha utotoni haivumilii kushinda kwenye maji na dawa za nywele.

Mimi ni muuguzi, na kilichonipata ni glavu. Zamani tulivaa za mpira zenye unga mweupe ndani. Mwenzangu akivua zake karibu nami, macho yalianza kuniwasha kabla sijagusa zangu, kwa sababu ule unga ulikuwa ukibeba chembe za mpira hewani. Nikidhani ni mafua. Nikienda likizo napona, nikirudi, siku ya tatu kifua kinalia. Ilinichukua miaka miwili kuunganisha mambo hayo. Nilipopewa glavu zisizo za mpira, nikaendelea na kazi ninayoipenda hadi leo. Ile miwili ndiyo inayoniuma, maana mzio wa kazini ukigunduliwa mapema na mtu akaondolewa kwenye kinachomdhuru, hupona vizuri zaidi. Akivumilia, pumu inaweza kubaki hata baada ya kuacha kazi.

Kwa hiyo, kabla hujaanza, nenda ukapimwe nguvu ya pumzi, na majibu uyatunze. Kubanwa kutoweka miaka sita si kupona kabisa. Pumu ya utotoni huweza kurudi ukubwani. Mwambie daktari na hizo chafya, kwa sababu mzio wa unga mara nyingi huanzia puani na machoni, kifua hufuata baadaye, pengine baada ya miezi au hata miaka.

Kisha nenda kiwandani uangalie kwa macho yako. Je, magunia yanakung'utwa? Unga unamwagwa kutoka juu? Sakafu inafagiwa kavu? Mwokaji anayeijali pumzi yake humimina unga taratibu karibu na chombo, huwasha mashine polepole mpaka unga ulowe, na husafisha kwa kitambaa kibichi au mashine ya kufyonza vumbi. Ukikuta hewa nyeupe kama ukungu wa asubuhi, tafuta mwalimu mwingine. Kitambaa cha kufunga usoni hakitakuokoa. Wala usidhani upande wa kupamba keki ni salama kama uko chumba kimoja na mashine ya kukandia, vumbi lile halijui mpaka.

Ukishaanza, uwe na daftari. Andika chafya, macho, kikohozi, na usiku ulioamka umebanwa, kwa sababu kifua huweza kungoja hadi jioni, umeshafika nyumbani. Weka alama siku za mapumziko. Ukiona unapata nafuu siku hizo na kurudiwa ukiingia kazini, usingoje kama nilivyongoja mimi: daftari mkononi, kwa daktari, wiki hiyohiyo. Atakupa kifaa kidogo cha kupuliza, upime pumzi mara kadhaa kwa siku, kazini na nyumbani, kwa wiki chache.

Na hilo daftari mwonyeshe mama yako kila mwisho wa mwezi.