Sasha ni wa kike au wa kiume?

Wote wawili, ndugu. Kwa Warusi, Sasha ni kifupi cha Aleksandr (mvulana) na Aleksandra (msichana), jina la Kigiriki lenye maana ya mlinzi wa watu. Kwenye cheti cha kuzaliwa huandikwa lile refu. Sasha ni la nyumbani.

Kuhusu swali lako la pili, kama Warusi nao huwapa watoto majina yenye maana kama sisi: wanayo, tena mengine utadhani wametuchungulia. Vera ni Imani, Nadezhda ni Tumaini, Lyubov ni Upendo. Katika mapokeo ya Kanisa la Orthodox hawa ni mabinti watatu wa Sofia, yaani Hekima, na huadhimishwa pamoja tarehe 30 Septemba. Majina yao yalikuwa ya Kigiriki. Waslavi wakayatafsiri kabisa badala ya kuyaazima kama walivyofanya kwa Ivan, ambaye ni Yohana wetu huyuhuyu.

Svetlana linatokana na svet, nuru, kwa hiyo ni kama Nuru au Mwanga. Ila halikuwa la mtakatifu, hivyo kanisani msichana alibatizwa Fotina, nuru hiyohiyo kwa Kigiriki.

Baada ya mapinduzi ya 1917 ndipo vituko vilianza. Ninel, kwa mfano, linasikika jina zuri la binti. Hebu lisome kutoka nyuma kwenda mbele: Lenin, kiongozi wa mapinduzi hayo.

Kama ni kumpa mtoto jina, mie ningechukua Vera. Fupi, na bibi kijijini atalitamka bila shida.