Nakuru hadi Diani: treni au gari?

Mama Shiku, ukiwa na mama mzee na watoto wawili, gari lako liache nyumbani. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, hiyo si shida. Shida ni zile 480 za Nairobi–Mombasa: malori, overteki za kichaa, na ukifika Mtito Andei ndiyo kwanza uko katikati.

Panda matatu ya alfajiri. Zingatia hili: itawashusha katikati ya mji wa Nairobi, na treni ya SGR (ile ya reli mpya ya kwenda Mombasa) inaondokea Syokimau, nje ya mji. Chukueni teksi, jam isiwakute. Tiketi kata mapema kwa simu, *639#, Desemba huisha haraka. Kitambulisho usisahau. Pale stesheni mtapanga mabegi chini kwenye mstari, mbwa wanusenuse kwanza. Kama mtoto anaogopa mbwa, mshike mkono. Treni ya saa tisa alasiri ni ya haraka, safari kama masaa matano hivi. Ya saa nne usiku usiijaribu na watoto, mtashuka alfajiri mbichi.

Mkishuka Miritini, stesheni ya Mombasa, msihangaike na feri ya Likoni. Semeni na teksi ipite barabara ya Dongo Kundu, mtatokea upande wa Kusini, kuliko Diani, bila kugusa Likoni. Mkitaka bei nafuu, matatu hadi feri, mvuke kwa miguu (bure), kisha matatu ya Ukunda na tuktuk hadi ufukweni. Lakini usiku na mizigo? Lipeni teksi tu.